Kiyoyozi cha lori la zamani kinapopuliza hewa vuguvugu: mwongozo kamili wa kutafuta chanzo kabla ya kugusa gesi

Dereva anapolalamika kuwa kiyoyozi cha kichwa chake cha tela hakipoozi kama zamani, jibu analopewa mara nyingi, hata kabla boneti haijafunguliwa, ni kwamba gesi imepungua. Gesi huongezwa, hewa hupoa kidogo kwa siku chache, kisha malalamiko hurudi palepale. Mwongozo huu unawahusu madereva, wenye malori na mafundi waliochoshwa na mzunguko huo, nao unafuata utaratibu ulio kinyume chake: gesi ndiyo iwe kitu cha mwisho kuguswa, kwa sababu katika lori lenye umri udhaifu wa kiyoyozi mara nyingi hutokana na mambo yanayoonekana kwa macho, yanayosikika kwa masikio, au yanayopimika kwa kipimajoto cha kawaida.

Ieleweke kwanza kwamba gesi ya kiyoyozi hailiwi kama dizeli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Kompresa huivuta ikiwa na shinikizo dogo na kuisukuma ikiwa na shinikizo kubwa na joto kali. Kondensa iliyo mbele ya rejeta huitoa joto hilo nje hadi gesi igeuke kimiminika. Kimiminika hupita kwenye draya, yaani chupa inayochuja uchafu na kunyonya unyevu. Kisha hupenya tundu jembamba la vali ya upanuzi na kuchemka ghafla ndani ya evapoleta, na kule kuchemka ndiko kunakonyang'anya hewa ya kebini joto lake. Kwa kuwa kompresa ya lori huzungushwa na mkanda na ina sili kwenye shafti yake, na kwa kuwa mabomba mengi ni ya mpira, kiasi kidogo hupenya nje kadiri miaka inavyopita, na hilo ni la kawaida. Lakini lori linalohitaji gesi kila baada ya miezi michache lina tundu, na kuliongezea gesi bila kulitafuta tundu hilo ni kujaza maji kwenye pakacha.

Pima kwanza, ndipo ushike spana

Egesha lori kivulini mahali penye hewa, vuta breki ya kuegesha, zuia magurudumu, na uache injini izunguke kwa takriban mizunguko 1,500 kwa dakika. Weka kiyoyozi kwenye baridi ya mwisho, bloa (feni inayosukuma hewa ndani ya kebini) kwenye kasi ya juu, na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kikiwa kimebonyezwa, kisha funga milango na madirisha. Baada ya dakika 10, ingiza kipimajoto kwenye tundu la kati la dashibodi, halafu pima joto la hewa ya nje karibu na kondensa. Ikiwa nje ni nyuzijoto 30 na hewa si ya unyevu mwingi, mfumo wenye afya kwa kawaida hutoa hewa ya nyuzijoto 7 hadi 12. Penye unyevu mwingi tarajia namba kubwa kidogo, kwa sababu sehemu ya nguvu ya kupoza hutumika kugeuza mvuke kuwa maji yanayodondoka chini ya kebini. Andika namba zote mbili. Ukishabadilisha kitu, utapima tena katika hali ileile, na namba ndizo zitakazokuambia kama kazi imefaa, kwa maana mkono wa mtu aliyetoka juani huona kila upepo kuwa ni baridi.

Baada ya vipimo, mhoji dereva. Swali moja lina thamani kuliko geji za shinikizo: baridi hupungua wakati gani? Kiyoyozi kinachopoza vizuri barabarani lakini kikalegea kwenye foleni kinalalamikia hewa isiyopita kwenye kondensa. Kinachoanza vizuri asubuhi kisha kikafa baada ya saa moja, na kurejea baada ya lori kupumzika, huwa na barafu kwenye evapoleta au klachi ya kompresa (kiunganishi cha sumaku kinachoiunganisha na mkanda) iliyochoka, na hayo mawili hutofautishwa kirahisi: barafu ikijenga, upepo wenyewe hupungua huku kompresa ikiendelea kuzunguka, klachi ikiachia, upepo hubaki na nguvu zake zote lakini hugeuka kuwa wa moto. Kinachopoza mbele bali si kwenye kitanda cha dereva nyuma ya viti kina tatizo la upande wa nyuma pekee. Na kile kilicho dhaifu wakati wote, asubuhi na mchana, kwenye mteremko na kwenye mlima, ndicho hasa cha kufikiriwa upande wa gesi au wa maji ya moto yanayoingia pasipotakiwa.

Upepo wa ndani

Anza na chujio la hewa la kebini. Katika baadhi ya malori yapo mawili, la hewa ya nje na la hewa inayozungushwa ndani, na lori lenye sehemu ya kulala huwa na jingine chini ya kitanda, ambako dereva huhifadhi viatu, mablanketi na vyombo, na ambako chujio linaweza kukaa miaka bila mtu kujua kuwa lipo. Ukilitoa likiwa jeusi na zito, weka jipya na upime tena kabla ya kuendelea. Kisha ondoa kifuniko cha boksi la evapoleta, au ingiza tochi kupitia nafasi ya bloa, uangalie mapezi yake. Vumbi likichanganyika na maji ya mvuke hutengeneza tope linalokauka kama udongo wa kusiliba nyumba, na hewa haiwezi kupita hapo hata bloa ikiwa mpya. Safisha kwa brashi laini, dawa ya povu isiyounguza aluminiamu na maji ya kasi ndogo, kisha hakikisha bomba la kutolea maji chini ya kebini limezibuliwa.

Ukiwa hapo, tazama kipimo cha kuzuia barafu, ule mrija mwembamba kama waya unaochomekwa kati ya mapezi ya evapoleta. Kazi yake ni kuzima kompresa evapoleta inapokaribia kuganda na kuiwasha tena inapopata joto kidogo. Mrija ukiwa umechomoka, kompresa haizimwi kwa wakati, barafu hufunika mapezi, na dereva hupata upepo unaonyong'onyea saa moja baada ya kuanza safari. Urudishe mahali ulipokuwa, kwa kina kilekile, bila kuupinda.

Usisahau kebini yenyewe. Lori lililotembea miaka mingi huwa na raba za milango zilizobapa, matundu ya waya yasiyo na vizibo sakafuni, na mara nyingi mfuko wa raba wa shina la gia uliochanika, ambao huingiza hewa ya injini moja kwa moja miguuni mwa dereva. Hakuna kiyoyozi kitakachoshinda tundu hilo.

Maji ya moto yanayopita kinyemela

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu ni kosa linalosahaulika kuliko yote. Hita ya kebini hutumia maji ya moto ya injini, na kwenye dashibodi nyingi kiini cha hita kimekaa bega kwa bega na evapoleta. Vali ya maji ikichakaa, au waya wake wa kuvuta ukilegea kiasi kwamba haifungi hadi mwisho, maji ya karibu nyuzijoto 85 huendelea kupita, na hewa iliyokwisha kupozwa hupashwa tena kabla haijakufikia. Gesi iko sawa, kompresa iko sawa, geji zinasoma vizuri, na bado kebini ni vuguvugu.

Nililijua hili kwa gharama. Lori moja lililokuwa mikononi mwangu lilikuwa limeongezwa gesi mara tatu katika karakana tofauti, nami nilikuwa nikijiandaa kuongeza ya nne. Kabla ya kufungua mtungi nilishika mabomba mawili ya hita yaliyopita kwenye ukuta wa injini. Kidhibiti cha dashibodi kilikuwa kwenye baridi kabisa, lakini mabomba yote mawili yalikuwa hayashikiki kwa joto. Niliyabana kwa vibanio vya mpira, nikakaa kwenye kiti na kipimajoto mkononi. Hewa ilitoka nyuzijoto 17 ikashuka hadi 9 kwa muda wa dakika sita hivi, bila tone moja la gesi kuongezwa. Vali mpya ya maji ilimaliza kazi.

Jaribio hilo lifanyike hivi: zima injini, acha ipoe, bana mabomba yote mawili ya hita kwa vibanio laini visivyo na meno, kisha washa na urudie kipimo cha mwanzo. Bomba lililokauka na kupasukapasuka lisibanwe, kwa kuwa linaweza kukatika. Katika hali hiyo funga koki za maji zilizopo upande wa injini kama lori linazo. Lori lenye kitanda mara nyingi lina hita ya pili na vali ya pili, kwa hiyo angalia na upande huo.

Ndugu wa tatizo hili ni kile kilango ndani ya boksi kinachochanganya hewa baridi na ya moto. Katika malori kadhaa huendeshwa na silinda ndogo za upepo wa breki badala ya mota. Ukisikia mlio mwembamba wa upepo nyuma ya dashibodi injini ikiwa imezimwa, kijibomba kimetoboka na kilango kimebaki katikati.

Kondensa na feni

Simama mbele ya lori na umulike tochi kupitia grili. Kondensa imekaa mbele, nyuma yake kipoza-hewa cha tabo (kinachopoza hewa inayoingizwa kwenye injini), kisha rejeta, na hewa lazima ipite zote tatu. Kinachodanganya ni kwamba uso wa mbele unaweza kuwa safi huku katikati ya kondensa na kipoza-hewa kukiwa na zulia la wadudu, manyoya, majani na vumbi lililolowa mafuta. Mulika kutoka juu, kwenye ule upenyo kati ya moja na nyingine. Usipoona mwanga ukipenya, umepata kazi ya kufanya. Osha kutoka nyuma kuelekea mbele, yaani kinyume cha mwendo wa hewa, kwa maji mengi ya kasi ndogo na sabuni ya kuyeyusha grisi. Mashine ya presha ikikaribishwa mno hulaza mapezi, na mapezi yaliyolala huziba hewa kuliko hata uchafu. Yaliyolala tayari yanyooshwe kwa kitana chake. Rudisha pia sponji na mabati ya pembeni yanayoelekeza hewa, kwani yakikosekana hewa ya moto ya injini huzunguka na kurudi mbele.

Kisha feni. Feni kubwa ya injini haizunguki muda wote: ina klachi yake, ambayo kwenye malori mengi huongozwa kwa upepo, na mfumo huiwasha injini inapopata joto au shinikizo la kiyoyozi linapopanda. Lori likiwa limesimama na kiyoyozi kimewashwa, joto la kondensa hupanda, na baada ya dakika chache unatakiwa kusikia ule mngurumo mzito wa feni ikikamata. Usipousikia kabisa huku shinikizo likizidi kupanda, chunguza swichi ya shinikizo, fyuzi, vali ndogo ya umeme inayoruhusu upepo, na bitana za klachi yenyewe. Feni inayozunguka kivivu, yaani klachi inateleza, huonekana kama inafanya kazi lakini haivuti hewa ya kutosha. Karatasi iliyowekwa mbele ya grili inatakiwa inaswe kwa nguvu. Uwe mwangalifu sana hapa, kwa sababu feni ya namna hii hukamata bila onyo. Mkono, kamba ya kofia, mkufu au waya wa tochi visikaribie kabisa injini ikiwa inazunguka.

Mkanda, klachi ya kompresa na umeme wake

Mkanda uliong'aa kama kioo upande wa ndani unateleza, na kompresa huwa ya kwanza kunyimwa mzunguko kwa sababu mzigo wake ni mkubwa. Badilisha mkanda, na ukague kikaza mkanda pamoja na beringi zake.

Klachi ya kompresa inahitaji jicho la karibu. Mbele ya puli kuna sahani ya chuma. Umeme ukifika kwenye koili, sumaku huivuta sahani ishikamane na puli, ndipo shafti inapozunguka. Kati ya sahani na puli, klachi ikiwa haina umeme, pana upenyo ambao kwenye kompresa nyingi za malori za aina ya Sanden unatakiwa kuwa kati ya milimita 0.4 na 0.8. Kila sahani inaposhika na kuachia husagika kidogo, na baada ya miaka upenyo huwa umepanuka. Asubuhi koili ikiwa ya baridi sumaku ina nguvu ya kuuvuka. Lakini ukinzani wa waya wa shaba huongezeka kwa karibu theluthi moja joto likipanda kutoka nyuzi 20 hadi 100, mkondo hupungua, sumaku hudhoofika, na saa sita mchana sahani hushindwa kuvutwa. Ndiyo maana lori hilo likipelekwa kwa fundi jioni, limepoa, huonekana zima.

Pima upenyo kwa fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia upenyo) sehemu tatu kuzunguka sahani, injini ikiwa imezimwa. Ukizidi, fungua nati ya katikati, toa sahani, na uondoe washa moja nyembamba kati ya zile zilizo nyuma yake, kisha upime tena. Ni kazi ya nusu saa ambayo mara nyingi huokoa kompresa isitupwe bure. Sahani iliyogeuka bluu au iliyochimbika ibadilishwe pamoja na puli.

Umeme nao upimwe kwenye kiunganishi cha klachi wakati tatizo likiwa limejitokeza, si kabla. Linganisha volti za hapo na za betri: zikipungua kwa zaidi ya volti moja, kuna kutu au waya uliolegea njiani, na mshukiwa wa kwanza ni waya wa ethi. Rilei na kiunganishi kilichobadilika rangi kwa joto vibadilishwe vyote viwili. Hakikisha pia kwamba vipuri unavyoweka ni vya volti za lori lako, 12 au 24.

Sasa geji zinaweza kuunganishwa

Vaa miwani ya kinga na glovu. Gesi ikirukia jicho au ngozi huigandisha papo hapo, na ikifikiwa na moto hutoa mvuke wenye sumu, kwa hiyo pasiwe na sigara wala kulehemu karibu. Soma kibandiko cha mfumo ujue ni gesi gani. Malori yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalikuja na R-12, ambayo uzalishaji wake ulikomeshwa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987, na mengi yalibadilishwa baadaye kuwa R-134a. Vinywa vya kupimia vya R-12 ni vya kukaza kwa nyuzi. Vya R-134a ni vya kubonyeza, kile cha upande mdogo (wa shinikizo dogo) kikiwa na kipenyo cha milimita 13 na cha upande mkubwa (wa shinikizo kubwa) 16, ili mtu asikosee. Lori lililobadilishwa liangaliwe kama draya na mafuta ya kompresa vilibadilishwa pia, kwa maana mafuta ya madini ya R-12 hayachanganyiki na R-134a na hubaki yametuama badala ya kurudi kwenye kompresa.

Soma kwanza shinikizo lori likiwa limelala, injini imepoa kabisa. Geji zote mbili zitalingana, na kwa R-134a safi namba hufuata joto la hewa: takriban psi (pauni kwa inchi ya mraba) 68 kwa nyuzijoto 20, 82 kwa 25, 97 kwa 30 na 114 kwa 35. Kipimo hiki hakisemi kuna gesi kiasi gani, kwa kuwa maadamu kuna kimiminika ndani, kiwe kingi au kidogo, shinikizo ni lilelile. Kinachosema ni haya mawili: namba ikiwa chini sana, kimiminika kimeisha, ikiwa juu ya inavyotakiwa, ndani kuna hewa au gesi nyingine. Fanya hivyohivyo kwa mtungi unaonunua. Mwaka 2011 makontena ya kubebea bidhaa baridi yalilipuka na kuua watu baada ya mitambo yake kuwekwa gesi bandia yenye R-40, ambayo humenyuka na aluminiamu. Mtungi usiofuata namba hizi usiunganishwe kwenye lori.

Halafu washa injini, mizunguko 1,500, na usome tena. Nje kukiwa na nyuzijoto 30, upande mdogo husoma kwa kawaida psi 25 hadi 40 na upande mkubwa 180 hadi 240. Pande zote mbili zikiwa chini, gesi ni pungufu. Pande zote mbili zikiwa juu, ama kondensa haipati hewa, ama gesi ilizidishwa, ama kuna hewa ndani. Mwagia kondensa maji, na upande mkubwa ukishuka haraka na kebini ikapoa, rudi kwenye feni na uchafu. Mdogo ukiwa juu na mkubwa ukiwa chini, kompresa imechoka ndani na haisukumi tena. Mdogo ukizama hadi kwenye vakyumu, yaani chini ya shinikizo la hewa ya nje, njia imeziba: ikiziba tangu mwanzo, ni vali ya upanuzi au draya, ikiziba baada ya dakika kadhaa na kufunguka ukizima, ni unyevu unaoganda kwenye tundu la vali. Pitisha mkono juu ya mabomba kwa tahadhari, kwani lile litokalo kwenye kompresa huunguza. Draya inatakiwa kuwa na joto sawa pande zote mbili. Ikiwa ya moto inapoingia na ya baridi inapotoka, imeziba ndani.

Ikiwa mbele kunapoa na kitandani hapapoi, usihangaike na kompresa, kwa kuwa ni moja kwa pande zote mbili. Kagua bloa ya nyuma, vali yake ya upanuzi na vali ya maji ya moto, kisha fuata mabomba chini ya kebini uone kama kuna lililopondwa.

Kutafuta tundu

Gesi ikitoka hubeba mafuta, na mafuta hunasa vumbi, kwa hiyo doa jeusi lenye unyevu kwenye kiungo ni ushahidi wa kwanza. Katika lori la zamani tazama mabomba ya mpira yanapogusana na chasi au ngazi, pembe za chini za kondensa zinazopigwa na kokoto, eneo la sili ya shafti nyuma ya puli ya kompresa, na vali ndogo za vinywa vya kupimia. Povu la sabuni linatosha kwa tundu kubwa. Kwa dogo tumia kigunduzi cha kielektroniki, au rangi ya kung'aa kwenye mwanga wa urujuanimno. Kwa evapoleta, weka kigunduzi kwenye mdomo wa bomba la kutolea maji, bloa ikiwa imezimwa kwa muda.

Mfumo uliokwisha tupu upimwe kwa naitrojeni kavu yenye kidhibiti shinikizo, takriban psi 150, na uachwe kwa saa kadhaa. Oksijeni isitumike kamwe, kwa sababu ikikutana na mafuta hulipuka, na hewa ya kompresa ya karakana nayo isitumike, kwa kuwa huingiza unyevu na inaweza kuwa hatari ikichanganyika na R-134a chini ya shinikizo. Gesi iliyobaki ndani haiachiliwi hewani. R-134a hupasha dunia joto takriban mara 1,400 kuliko uzito uleule wa kaboni dayoksaidi, na nchi nyingi zimekataza kuimwaga. Ivutwe kwa mashine ya kuokolea gesi.

Kufunga kazi

Kila mfumo unapofunguliwa, badilisha draya na oringi (raba za duara za viungo) zote zilizoguswa, ukizipaka mafuta ya kompresa kwanza. Kompresa ikiwa imesagika na kutoa unga wa chuma, kompresa mpya peke yake itakufa kwa unga huohuo: safisha mabomba, badilisha vali ya upanuzi, na mara nyingi kondensa pia, kwa kuwa mirija yake myembamba haisafishiki. Mafuta yawe ya daraja lililoandikwa kwenye kompresa, na kiasi kilichotoka na kipuri cha zamani ndicho kirudishwe.

Unganisha pampu ya vakyumu na uiache ifanye kazi dakika 45 hadi saa nzima ikiwa lori lina kitanda, kwa sababu mabomba ni marefu na unyevu haunyonywi kama hewa, bali huchemshwa na vakyumu hadi utoke ukiwa mvuke. Funga vali za geji, zima pampu, subiri dakika 30. Sindano ikipanda, kuna tundu au unyevu, na hakuna sababu ya kuendelea.

Jaza kwa mizani, kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko. Malori mengi huchukua kati ya kilo moja na mbili, na yenye kitanda huelekea juu. Injini ikizunguka, gesi iingie upande mdogo pekee, mtungi ukiwa umesimama wima ili itoke kama mvuke, na vali ya upande mkubwa isifunguliwe kamwe kompresa ikiwa inafanya kazi, kwani shinikizo litarudi mtungini na kuupasua. Kibandiko kikiwa kimepotea, ongeza kidogokidogo ukiangalia kipimajoto cha dashibodi na geji kubwa, ukisubiri dakika chache kila mara. Hewa ya kebini ikiacha kushuka huku shinikizo kubwa likianza kupanda, umefika. Kioo cha draya kinachoonyesha mapovu ni shahidi msaidizi tu, maana kikiwa safi kinaweza kumaanisha mfumo uliojaa, na pia ule usio na kitu kabisa.

Rudia kipimo cha mwanzo katika hali ileile, linganisha namba, kisha andika tarehe na uzito wa gesi kwa rangi isiyofutika karibu na kibandiko, ili fundi atakayefuata asianze kwa kubahatisha. Mwisho, kaza vifuniko vya vinywa vya kupimia vyenye raba zake ndani. Vingi hupotea katika kazi ya kwanza na havirudishwi, ilhali vali ndogo iliyo chini yake haikukusudiwa kuzuia gesi peke yake.